Mama Mkubwa Ajifunza Kisasi cha Kikorea

Mwalimu wa Kiswidi ndiye aliyelianzisha. Aliwaambia wanafunzi wake, wote watu wazima na wengine wenye wajukuu, kwamba njia nzuri ya kuishika lugha ni kutazama filamu yenye maandishi ya Kiswidi chini, na kuyasoma kwa sauti. Nadhani alitegemea wataazima filamu za Waswidi wenyewe, zile ambazo watu wawili wanakaa kwenye ngazi ya nyumba ya mbao wakitazama ziwa na kunyamaza. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, aliyekuwa anaishi nami Fittja, kitongoji cha Stockholm, tangu alipofika kutoka Bukavu, alikwenda maktaba mchana uleule. Akarudi na filamu ya Kikorea.

Aliichagua kwa kutazama jalada. Palikuwa na mwanamke aliyevaa koti refu, amesimama kwenye mvua, anamtazama mtu ambaye hayumo kwenye picha.

"Huyu," akaniambia, akiligongagonga jalada kwa kidole, "kuna mutu alimufanyia kintu."

Alikuwa amepatia. Mwanamke yule alifanyiwa kitu kibaya katika dakika za mwanzo, na muda wote uliobaki aliutumia kukilipiza. Mama Mkubwa hakugusa chai yake. Filamu ilipokwisha alirudisha nyuma akaitazama upya, safari hii akisoma maandishi kwa sauti kama alivyoagizwa, akisita, akirudia, kidole hewani. Ndivyo neno la kwanza gumu la Kiswidi alilolimudu likawa *hämnd*, yaani kisasi. Mkate alikuwa bado anaonyesha kwa kidole dukani.

Tukawa tunatazama kila Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa nasoma uuguzi Flemingsberg na wikiendi zangu zilikuwa za kulala, lakini Mama Mkubwa hakupenda kutazama peke yake. Alihitaji mtu wa kumuuliza maswali. Mbona polisi hawaji? Kwa nini adui siku zote ana nyumba ya vioo? Nilimwambia sijui, pengine adui anapenda mwanga. Polisi wa filamu hizo walikuwa wakionekana tu wakila tambi ndani ya gari, na yeye aliwadharau kwa moyo wote.

Kilichomvutia zaidi ni subira. Alikuwa amezoea kisasi cha kwetu, mtu anatukanwa sokoni na jibu linatoka kabla tusi halijatua chini. Wakorea wa kwenye filamu walikuwa watu wengine kabisa. Walingoja. Mtu anaumizwa akiwa kijana, ananyamaza, anajifunza kazi, anahamia mtaa wa adui, anamwamkia kila asubuhi kwa kuinama, miaka inapita, nywele zinaingia mvi. Halafu siku moja, lazima mvua inyeshe au theluji ianguke, anamwambia: mimi ni fulani, unanikumbuka? Mwishoni, akishamaliza kazi, mlipizaji anakaa chini na kulia.

"Analia nini sasa?" nikauliza mara ya kwanza. "Si ameshinda?"

"Analia juu hana tena kazi ya kufanya," akasema Mama Mkubwa. "Weye utamwajiri?"

Shida ni kwamba Kiswidi chake chote kilitoka humo. Vitenzi vilikuwa safi, matamshi yalikuwa safi, ila kila sentensi aliyoijua ilikuwa imesemwa na mtu mwenye kisu. Mfamasia alimuuliza kwa upole kama anahitaji msaada, naye akamjibu, akimtazama machoni: "Nimekungoja kwa muda mrefu." Kwa daktari wa meno alimwambia binti wa mapokezi, "Wewe hunikumbuki, lakini mimi ninakukumbuka," maana kweli alikuwa amewahi kwenda pale. Binti yule alienda kumwita mwenzake. Basi lilipochelewa alipanda, akasimama mbele ya dereva, akasema taratibu, "Hatimaye tumekutana." Mimi nilikuwa nyuma yake nikigeukia dirisha kama abiria asiyemjua.

Mwalimu alimpa sifa kwa kuweka maneno katika mpangilio wake sahihi. Darasani kwao alikuwamo mwanamke Mkorea aliyeolewa na Mswidi, mtulivu, anayependa kufuma. Mama Mkubwa alihama kiti chake ili akae naye, kama mtu aliyekutana na mtaalamu. Siku moja alimleta nyumbani, akamkarimu sombe ya majani ya muhogo na samaki, akangoja ale ashibe, kisha akamuuliza kwa Kiswidi jambo lililomkaa rohoni.

"Kwenu, kisasi kinachukua miaka mingapi?"

Mgeni aliweka uma chini. "Kisasi gani?"

"Chochote. Cha kawaida."

Yule mama akaniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye. Akasema kwao wanalima matofaa. Jirani akikata tawi la mti wako, unagombana naye, unakaa wiki nzima humsalimu, kisha msimu wa kuvuna unafika na unahitaji ngazi yake. Baba yake anazipenda filamu hizo sana, anazililia, lakini ni mtu asiyeweza kumchemsha kaa wa baharini aliye hai. Humpa mkewe kazi hiyo, yeye mwenyewe akatoka nje.

Mama Mkubwa alimsindikiza kwa heshima mpaka kituoni, lakini aliporudi aliniambia, "Huyu hatusemei ukweli. Wanafichaka."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi ilipokaribia Pasaka, na chumba cha kufulia kikaingia katika maisha yetu.

Jengo letu lilikuwa na chumba kimoja cha mashine chini, na kila nyumba ilikuwa na kufuli yake ndogo ya kutundika ubaoni kwenye saa iliyoichagua. Anayejua Stockholm anajua kwamba ubao ule ndio unaotawala jengo. Mama Mkubwa alikuwa mtunza nguo wa kwaya yetu ya Wakongo, iliyokuwa ikiimba Hässelby, mwisho wa njia ya kijani ya treni, katika ukumbi wa kanisa la Waswidi waliotuazima. Kanzu nyeupe zote za kwaya zilikuwa mikononi mwake. Alikwenda nazo chini kwenye kikapu kikubwa, saa yake imefika, kufuli yake iko mahali pake, akamkuta ndani mzee wa ghorofa ya tatu.

Mzee huyu alikuwa Mganda, mjane, mstaafu, mrefu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Tulimjua kwa kuonana tu kwenye lifti. Alikuwa anakunja shati lake la mwisho, polepole mno. Alipomwona Mama Mkubwa na kikapu chake alinyoosha mkono kuelekea mashine, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuamsha kambi nzima:

"Wewe! Mama! Weka! Haraka!"

Akamwonyesha mlango. "Toka!"

Kisha akachukua mfuko wake akaondoka yeye.

Mama Mkubwa alinisimulia tukio hilo mara nyingi. Kwao ni binti wa mchungaji. Hakuna aliyewahi kumwambia "toka" tangu azaliwe, hata vita havikumtamkia neno hilo uso kwa uso. Kiswahili chote kilimkauka kinywani. Lakini Kiswidi kilikuwa tayari, kimenolewa. Alitoka mpaka ngazini, akapaza sauti kumwelekea yule mzee aliyekuwa anapanda:

"Utajuta kwa jambo hili!"

Mzee hakugeuka. Baadaye alituambia maneno hayakumfikia vizuri, alidhani anatakiwa heri ya Pasaka.

Mashine ilipokwisha kuzunguka, kanzu zilitoka za rangi ya waridi. Si waridi la kuona haya. Lilikuwa waridi la keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Na ndani kabisa, imejibana kwenye ukingo wa pipa la mashine, ilikuwamo soksi moja nyekundu ya mwanamume.

Nilitoka chuoni nikamkuta amekaa jikoni, kanzu zimetundikwa kila mahali, nyumba nzima inang'aa kama machweo. Soksi ilikuwa mezani mbele yake.

"Aliiacha kwa makusudi," akasema.

"Mama Mkubwa, mtu anasahau soksi."

"Soksi nyekundu? Moja? Juma ya Pasaka?" Akatikisa kichwa. "Weye umetazama filamu zile zote, hukujifunza kintu."

Jaribio la kuzirudishia weupe wake liliongeza tu mabaka kama mawingu. Jumapili ya Pasaka kwaya iliingia ukumbini imevaa waridi tupu, mabega yameinama kwa aibu, Mama Mkubwa mbele kama anayepelekwa mahakamani. Mchungaji wa Waswidi alisimama na kupiga makofi. Alisema hajawahi kuona rangi ya furaha ya ufufuo ikivaliwa kwa ujasiri namna ile, na akaomba tumweleze asili ya desturi hiyo nzuri ya Kongo. Mwenyekiti wa kwaya, mtu mwepesi wa kufikiri, akaieleza. Alizungumza kwa dakika kadhaa kuhusu mapambazuko. Watu waliguswa. Mwanamke mmoja alifuta machozi.

Ungefikiri jambo hilo lilimtuliza Mama Mkubwa. Lilimchoma zaidi. Aliyeharibiwa kitu chake anataka watu waone kimeharibika. Akisifiwa, malalamiko yake ataenda kuyalaza wapi? Tulirudi kwa treni. Tulibadilisha kutoka njia ya kijani kwenda nyekundu, tukapita chini ya mji, tukatokea juani, na tulipokuwa juu ya daraja akatamka, akitazama maji:

"Nitangoja."

Aliitia soksi ile kwenye mfuko wa nailoni akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, kwa sababu mlipizaji wa Kikorea daima huwa na kitu anachokitazama asubuhi. Nilimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kanisa na kisasi ni kazi ya Mungu. Alisema analijua hilo, lakini Mungu ana dunia nzima, na Fittja ni mbali.

Mpango wake ulitoka katika filamu aliyoipenda kuliko zote, ya mama muuza supu. Mama huyo anahamia jengo la mtu aliyemharibia maisha, anampelekea bakuli la supu kila jioni, anatabasamu, mpaka yule mtu anakuwa hawezi kuishi bila supu ile. Ndipo anapomwambia yeye ni nani. Na hapo adui anajibu kwamba alimtambua tangu bakuli la kwanza, na supu aliinywa hivyohivyo. Mama Mkubwa aliirudisha nyuma sehemu ile mara kwa mara, akiguna.

Basi akaanza kumpikia mzee wa ghorofa ya tatu. Mpelekaji nilikuwa mimi, kwa sababu muda wa yeye kuonana naye haukuwa umefika. Sahani ya kwanza ilikuwa sombe na bugali, ugali wa kwetu. Mzee alifungua mlango kidogo, akatazama sahani, akanitazama.

"Nani?" akauliza.

"Mama Mkubwa wangu amekuletea chakula, mzee."

"Kwa nini?"

Swali la haki, ila jibu lake la kweli halikuwa la kusemwa kwenye korido. Nikasema, "Ni jirani tu." Akaichukua. Kesho yake sahani ilirudi imejaa matoke na mchuzi wa karanga.

Mama Mkubwa aliizunguka sahani ile kama ina waya za bomu. "Anajua," akasema. "Ameshajua. Ona vile amenyamaza." Akaonja. Akaonja tena. Mchuzi wa karanga ulikuwa mzuri sana na hilo nalo alilihesabu kuwa dharau.

Majira yote ya joto sahani zilipanda na kushuka. Kwa upande wetu Mama Mkubwa alianza kutia pilipili, kidogo kwanza, kila mara akizidisha, ili adui azoee kuumia bila kujua anaumia. Hii aliibuni mwenyewe. Kwa upande wa pili matoke yalizidi kuwa laini na karanga kuwa nzito. Ilifika mahali mimi siwezi kuonja chakula cha kumpelekea mzee. Kilinitoa machozi nikiwa bado nimeshika mwiko. Nilipokipeleka nilisimama mlangoni nisikilize. Ndani nilisikia kikohozi kimoja kirefu, ukimya, kisha kijiko kikiendelea.

Yule rafiki yake Mkorea wa darasani alikuja akakuta sufuria. Akaonja, uso ukamchangamka, akasema kwa mara ya kwanza tangu afike Sweden amekula kitu. Akauliza ni cha nani.

"Cha adui wangu," akasema Mama Mkubwa.

"Ana bahati," akasema mgeni, akajipakulia.

Vuli iliingia, majani yakaanguka, na Mama Mkubwa akaanza kudai theluji. Kila kitu kingine kilikuwa tayari. Alikwenda duka la mitumba akanunua koti refu jeusi linalofika kwenye vifundo vya miguu, na miwani ya jua mikubwa kama visahani. Sentensi alikuwa ameshaziandaa, na kwa Kiswidi, kwa sababu alisema Kiswahili ni lugha ya kuongea na watoto na Mungu. Lakini theluji ilikataa. Siku baada ya siku mvua ndogo, chafu, ya pembeni. Nikamshauri afanye kwenye mvua, si inakubalika? Akatazama nje akasema mvua ya filamu inaanguka yote pamoja, hii ya Stockholm inaanguka kama mtu anayepumua.

Theluji ilikuja Jumamosi asubuhi. Nilifungua pazia nikaona maegesho yote meupe, na kabla sijasema kitu nikamsikia anavuta zipu za buti. Nilimfuata nikiwa nimevaa koti juu ya nguo za kulalia. Nilikuwa na wasiwasi, nakiri, lakini nilitaka pia kuona.

Mzee alikuwa nje mbele ya mlango mkuu, anafagia theluji kwa ufagio wa jikoni. Haikuwa kazi yake, kulikuwa na watu wa kuifanya, ila nadhani aliipenda. Mama Mkubwa alisimama kwenye ngazi ya juu. Koti lilipepea vizuri. Miwani ilimkaa vizuri. Theluji ilimdondokea mabegani, na kwa kweli, kwa dakika moja, hakuna jalada la filamu lililowahi kupendeza kama yeye.

"Nitazame," akasema kwa Kiswidi. "Unanikumbuka?"

Mzee alitazama. Alitabasamu. "Ndiyo! Mama ya sombe!" Kisha uso wake ukabadilika, akanyoosha ufagio kuelekea miguu ya Mama Mkubwa na kupiga kelele: "Simama! Hapana kuja! Rudi!"

"Nimeingoja siku hii..." akaanza Mama Mkubwa, akapiga hatua.

Chini ya theluji palikuwa na barafu, na nyuma ya miwani ile palikuwa na giza. Aliteleza akashuka ngazi zote akiwa ameketi, taratibu, kwa heshima ya ajabu, koti limetandazwa nyuma yake kama la bibi harusi. Mzee alitupa ufagio akakimbia kumdaka. Barafu ikamchukua na yeye. Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye theluji wakitazamana, buti kwa buti, yeye ameshika kifundo cha mkono, mzee ameshika kiuno, naye mzee bado anatoa amri: "Simama! Lala! Hapana, simama!"

Nilimgusa Mama Mkubwa mkono akapiga ukelele, nikajua umevunjika. Jirani mmoja Mturuki akatupakia wote kwenye gari lake akatupeleka hospitali, Flemingsberg. Njiani jirani aliuliza kama tunatoka kwenye sherehe.

Muuguzi wa mapokezi alikuwa kijana mwenye sauti ya kubembeleza. Mimi nilikuwa pembeni najaza fomu, sikuwahi kufika. Alimuuliza Mama Mkubwa kimetokea nini.

"Kisasi," akasema Mama Mkubwa.

Muuguzi aliacha kuandika. Akamtazama mzee aliyekuwa amesimama nyuma yake amekunja uso kwa maumivu. "Na huyu bwana ni nani kwako?"

"Adui wangu."

"Kaa!" mzee akamwambia Mama Mkubwa kwa sauti kuu, akimvutia kiti. "Nyamaza! Kunywa maji!"

Muuguzi hakuhitaji kujua Kiswahili. Alinivuta pembeni, akanishika bega, akaniuliza kwa upole kama mama huyu yuko salama nyumbani, akaongeza kwamba hapa naweza kusema chochote. Nami nilikuwa nimejifunza darasani, wiki chache tu nyuma, namna ya kuuliza swali hilo hasa. Nikaanza kueleza. Nikaeleza kuhusu mwalimu, filamu, maandishi ya chini, soksi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayeficha jambo. Mwishowe niliwaita wote wawili nikamwomba mzee aseme kwa Kiswidi, alichokijua vizuri kwa kuishi nchini miaka mingi, nini kimetokea. Kwa Kiswidi mzee alikuwa mtu mwingine: sauti ya chini, mpole, karibu mwenye haya. Alisema huyu bibi ni mpishi bora kuliko wote jengoni na ameanguka kwa sababu yeye hakufagia vyema.

Mama Mkubwa akavua miwani ndipo akamtazama.

Tulikaa sana kungojea picha za mifupa. Ni mimi niliyemuuliza mzee kwa nini kwa Kiswahili anapiga kelele. Alionekana kushangaa.

"Mimi napiga kelele?"

Akatueleza. Kwao, alipokuwa kijana, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tu. Alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku na mchana, kabla hajakimbia nchi. Maneno yake yote aliyapata pale: simama, toka, lala chini, leta, haraka. Alipotusikia sisi ndani ya lifti alifurahi kwamba kuna lugha anayoweza kutuamkia nayo. "Mtu ya bunduki hapana sema maneno ya heshima," akasema. "Mimi hapana sikia. Kiswahili iko na maneno ya heshima?"

"Iko," akasema Mama Mkubwa, polepole. "Tafazali."

"Tafazali," mzee akarudia, kwa sauti ileile ya kambi. Mtoto aliyekuwa kwenye kiti cha pili alianza kulia.

Mama Mkubwa akatazama mkono wake uliovimba. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili sasa, kwamba yeye naye Kiswidi chake amekipata kwa watu wabaya. Akamweleza yote: kanzu, soksi nyekundu, Pasaka, kungoja, pilipili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi.

"Pilipili ilikuwa kisasi?"

"Ndiyo, mzee."

Akafunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika na nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka, na kila akicheka kiuno kilimuuma, akawa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Yeye alidhani anaposwa. Ilipofika sahani ya kwanza alimpigia simu binti yake. Pilipili ilivyozidi alijua mapenzi yanazidi, akaogopa, akawa anarudisha matoke ya kupoza moto, laini sana, ili kukataa bila kumwaibisha mama wa watu.

"Kukataa!" Mama Mkubwa akasema, na nikaona hasira mpya kabisa ikizaliwa. "Nani alikutaka?"

"Hakuna," mzee akasema haraka. "Sasa mimi najua. Tafazali."

Halafu akauliza kwa uangalifu kuhusu soksi. Ilikuwa na mshono mweusi kidoleni? Ilikuwa nao. Mzee akasema alizifuma marehemu mke wake, jozi moja, na tangu Pasaka ameitafuta ile ya pili chini ya kila kitanda. Ile iliyobaki alikuwa bado anaivaa. Akapandisha suruali kidogo, tukaiona.

Mama Mkubwa akaitazama. Kisha akaniagiza nirudi nyumbani nikaitoe msumarini niilete. Nikamwambia bado hajapigwa picha, itangoja. Akasema hapana, imengoja vya kutosha. Nilipanda basi nikaenda nikarudi.

Mzee aliumia nyama tu. Mama Mkubwa alifungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilikuwa na mitihani, kwa hiyo majira ya baridi yale yote zamu yetu ya kufulia aliichukua mzee wa ghorofa ya tatu. Nilimsikia kutoka kwenye ngazi akiiamuru mashine: "Zunguka, tafazali! Simama, tafazali!" Mama Mkubwa alikuwa anasimama mlangoni na mkono wake mweupe, kurekebisha, akisema nguo za kwaya hazikamuliwi vile. Waliacha kupelekeana sahani, kwa kuwa mzee alianza kuja kula mezani kwetu na hapakuwa na haja ya kutuma. Pilipili ilibaki palepale ilipofikia. Mzee alikataa ipunguzwe.

Jumamosi moja yule mama wa Kikorea alikuja kumjulia hali mgonjwa, ameleta filamu ya nyumbani kwao aliyosema ni nzuri kweli, mama yake anaipenda. Tulikaa wanne kwenye kochi. Ilihusu familia inayokutana kwa mlo wa sikukuu. Mama wa nyumba anamenya vitunguu. Kaka mkubwa anafika amechelewa. Watu wanakula, wanakumbushana mambo, mmoja anaudhika, anatoka nje kuvuta sigara, anarudi.

Mama Mkubwa alikaa ukingoni mwa kochi, anangoja.

"Huyu mkwe," akanong'ona, "njo atawaua?"

"Hapana," akasema rafiki yake.

"Basi kisu kile ni cha nini?"

"Cha tikiti maji."

Lilikatwa tikiti maji. Likaliwa. Watu wakaaga, wakavaa viatu mlangoni kwa muda mrefu kama wanavyofanya watu wasiotaka kuondoka, na filamu ikaisha. Nilimgeukia Mama Mkubwa nikitegemea malalamiko, na nikamkuta anajifuta pua kwa ncha ya kitenge, kwa mkono ule mzima.

"Yule mama," akasema, "hakuna mtu hata moja alimusaidia kuosha vyombo."

Mzee, aliyekuwa amesinzia tangu vitunguu, akashtuka na kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," tukamwambia.

"Basi tazama tena," akasema. "Tafazali."